Majina Mawili Kwenye Hati

Muthoki aliiona nyumba ile kabla ya mumewe, na akaipenda kabla hajaingia ndani. Ilikuwa Jumapili ya Februari mwaka wa 2004, wakitoka kanisani Kitengela, na mtu alikuwa ameandika kwa chaki langoni: INAUZWA, ULIZA NDANI. Kuta zilikuwa za mawe ya kijivu, paa la mabati mekundu yaliyopauka kidogo, na dirisha la sebuleni lilikuwa pana kiasi cha kumeza pazia la kitambaa kizima. Lakini kilichomshika Muthoki ni bomba. Lilitoka ardhini ubavuni mwa nyumba, likapanda ukutani na kuingia ndani penye jiko. Maana yake kulikuwa na mtu aliyeosha vyombo akiwa amesimama ndani ya nyumba yake.

Yeye na mumewe, Musila, walikuwa wamepanga vyumba viwili kwenye ploti yenye bomba moja la wapangaji wote, na maji yalipokuja, yalikuja na kelele. Musila alikuwa dereva wa lori la saruji. Muthoki alikuwa msimamizi wa mstari mmoja wa mashine za kushona katika kiwanda cha nguo kule Athi River. Walikuwa wametoka Mwala miaka mingi iliyopita na binti mmoja, Ndanu, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, na tangu siku hiyo walikuwa wakiweka akiba kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini. Kila mwaka walisema mwaka ujao watanunua.

Musila alikuwa amekwisha kupita lile lango alipogundua kwamba anatembea peke yake. Aligeuka akamwona mkewe anabisha hodi.

Aliyefungua alikuwa mzee mrefu aliyevaa sweta licha ya jua. Jina lake Parmuat. Alikuwa amestaafu kazi ya afisa wa mifugo, mkewe alifariki zamani, na watoto wake walikuwa na miji yao. Aliwaonyesha nyumba chumba kwa chumba bila haraka, akifungua hata makabati, kama mtu anayekabidhi mgonjwa kwa daktari. Alikuwa anarudi Kimana, alisema, kwenye shamba lake la kumwagilia, kulima vitunguu. Kitengela ilikuwa imemzidi watu.

Muthoki alifungua bomba la jikoni. Maji yakatoka. Akalifunga, akalifungua tena.

“Mama Ndanu,” Musila alimwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, “usionyeshe uso kama huo. Huyu mzee ataongeza bei.”

Parmuat hakuongeza bei. Walikubaliana pale pale kwenye ubaraza, wakashikana mikono, na Muthoki akarudi nyumbani akiwa tayari ameamua rangi ya mapazia.

Wiki iliyofuata walikutana wote katika ofisi ya wakili Rahab Mugure, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa za mifugo, barabara ya kwenda Namanga. Rahab alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezoea kueleza sheria kwa watu walioogopa kuuliza. Aliwaagizia chai, akafungua faili.

“Jambo la kwanza mjue,” alisema. “Hii ni leasehold. Ardhi yenyewe ni ya serikali. Mzee alipewa kwa kukodi, miaka tisini na tisa, kuanzia 1985. Mkinunua, mnanunua nyumba na ile miaka iliyobaki.”

Musila aliweka kikombe chini. Kwao Mwala shamba lilikuwa la babu, na kabla ya babu lilikuwa la babu wa babu, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba udongo una tarehe ya mwisho.

“Kwa hivyo bado mimi ni mpangaji,” alisema.

“Wewe ni mpangaji, ndiyo. Lakini mwenye ploti wako ni serikali, na haitakugongea mlango kila mwisho wa mwezi. Unalipa kodi ndogo ya ardhi mara moja kwa mwaka. Na miaka ikikaribia kuisha, unaomba iongezwe.”

Muthoki alikuwa anapiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Ilibaki miaka themanini. Alimwambia mumewe kwamba siku hiyo ikifika, Ndanu wao atakuwa nyanya wa miaka tisini na kitu, amekaa kwenye ubaraza akilalamikia magoti, na kama atakuwa bado anaililia nyumba hiyo, basi wamemlea vizuri. Rahab alicheka hadi akafuta macho. Musila hakucheka, lakini alikichukua tena kikombe chake.

Halafu zikaja ada. Rahab alizitaja polepole, na kwa kila moja alisema ni ya nini na nani anayelipa. Kulikuwa na ada ya kupekua rejista huko Kajiado ili kuhakikisha nyumba ni ya Parmuat kweli. Kulikuwa na cheti cha baraza la wilaya kuonyesha hakuna deni, na cheti kingine cha kodi ya ardhi kutoka Nairobi. Kulikuwa na kibali cha Kamishna wa Ardhi, kwa sababu ardhi ya kukodi haihami mkono bila mwenyewe kukubali. Kulikuwa na ushuru wa stempu, ambao ndio mkubwa kuliko zote, na kabla yake mthamini wa serikali angekuja kuangalia nyumba. Kulikuwa na ada ya kusajili, na mwisho kabisa ada ya wakili mwenyewe. Musila alimwomba arudie. Kila ofisi ilikuwa na mkono wake, na kila mkono ulikuwa umenyooshwa.

Hapo Muthoki aliwashangaza wote kwa kusema kwamba pesa za ada zipo. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amemuuliza mwenzake wa kiwandani aliyenunua nyumba Nkoroi, na huyo akamwambia kwamba bei ya nyumba ni nusu ya habari. Kwa hiyo pesa za viti vipya vya sebuleni, zile ambazo Musila alidhani bado zinangoja viti, zilikuwa zimewekwa kando kwa ajili ya ada. Kwake yeye, kila ada aliyoitaja wakili ilikuwa ngazi moja ya kupanda, na alipenda kusikia zinavyofuatana.

Aliyeshtuka zaidi alikuwa mwenye nyumba. Parmuat hakujua kwamba kodi ya ardhi hulipwa kila mwaka. Alidhani ukishajenga umemaliza. Rahab alimweleza kwamba deni lote la nyuma ni lake, si la wanunuzi, na mzee akakubali kwa kichwa kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Kisha akakohoa. “Kuna kitu kingine,” alisema, akiangalia kofia yake mapajani. “Wakili anajua, ameona kwa rejista, lakini ameniachia niseme mwenyewe. Dadangu ameweka zuio kwa hii ploti. Mpaka aliondoe, siwezi kuuza.”

Aliwaeleza. Dada yake, Soipan, aliishi Kimana. Wakati wa kujenga, pesa za Parmuat ziliishia kwenye ukuta, na Soipan akauza madume yake ya ng'ombe, yaliyokuwa mali yake mwenyewe, ndipo nyumba ikaezekwa. Hati iliandikwa jina la Parmuat peke yake kwa sababu ndiye aliyekuwa na kazi. Miaka miwili iliyopita rafiki yake alimwomba amdhamini kwa mkopo, naye akataka kuiweka nyumba rehani bila kumwambia dada yake. Soipan alisikia kwa watu. Alipanda gari hadi Kajiado, akaenda ofisi ya ardhi, akaweka zuio, na mkopo ukaanguka. Tangu hapo hawakuwa wamesemezana.

“Shamba langu na lake zinakunywa maji ya mfereji mmoja,” alisema Parmuat. “Nikienda kufungulia maji, yeye anarudi nyumbani. Mimi niko na simu yake. Sijapiga.”

Musila alimtazama mkewe, akitarajia kuona mapazia yakianguka kutoka machoni mwake. Badala yake Muthoki alimuuliza mzee kama Jumamosi ana nafasi ya kuwapeleka Kimana.

Musila aliazima pikapu ya shemeji yake. Waliketi watatu mbele, Muthoki dirishani, wakapita Athi River, wakashuka barabara ya Mombasa hadi Emali, kisha wakakata kulia kwenye barabara ya vumbi. Vumbi lile liliingia hata penye madirisha yaliyofungwa. Muthoki aliongea njia nzima. Alimuuliza Parmuat kama ua wa nyuma unashika maji mvua ikinyesha, kama majirani ni watu wa maneno, kama jiko la makaa linaruhusiwa kwenye ubaraza. Mzee alijibu yote, lakini kadiri walivyokaribia Kimana ndivyo majibu yalivyozidi kuwa mafupi.

Walimkuta Soipan kando ya shamba lake, akipanga nyanya kwenye makreti. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shanga shingoni na viatu vya mpira miguuni. Parmuat alibaki ndani ya gari. Muthoki ndiye aliyeshuka kwanza.

“Takwenya,” Soipan alimsalimu.

“Iko,” Muthoki akaitikia. Alikuwa amejifunza hilo kwa wasichana wa Kimaasai waliokuwa kwenye mstari wake kiwandani, na Soipan akatabasamu kidogo, kisha akaona nani ameketi kwenye gari, na tabasamu likaondoka.

Hata hivyo mgeni ni mgeni. Aliwapeleka kivulini, akawapa chai ya maziwa mazito, na Parmuat naye akapelekewa kikombe chake garini. Muthoki alimweleza wametoka wapi na wanataka nini. Hakuficha kitu. Alimwambia jinsi alivyoliona lile bomba, na kwamba usiku hupanga vyombo kwenye makabati ambayo bado si yake. Soipan alimsikiliza hadi mwisho.

“Pesa ni ya nani?” aliuliza.

“Ni yetu wawili. Yangu imetoka kiwandani, yake kwa lori.”

“Na jina litaandikwa la nani?”

Muthoki alifungua mdomo, akaufunga. Alikumbuka rasimu ya mkataba juu ya meza ya Rahab. Mnunuzi: Stephen Musila Muteti. Alikuwa ameisoma yote, hata mistari midogo kuhusu kodi ya ardhi, na pale penye jina alikuwa amepita kama mtu anayepita mlangoni kwake.

“La mume wangu,” alisema.

Musila aliweka kikombe chini kwa mara ya pili katika ununuzi huo. Alieleza kwamba wakili aliuliza jina la mnunuzi, naye akataja lake kwa kuwa ndivyo mtu hufanya, wala hakuwa na nia yoyote. Sauti yake ilikuwa imeumia. “Mama,” alimwambia Soipan, “mimi si mwizi wa mke wangu.”

“Hata ndugu yangu si mwizi,” alisema Soipan. “Ni mtu mzuri. Jina lilikuwa lake peke yake, basi akasahau.”

Maji ya mfereji yalikuwa yanapita karibu, na mahali fulani mtu alikuwa anafukuza ndege. Soipan akasema, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba ataliondoa zuio siku atakayoona majina mawili kwenye mkataba wa wanunuzi. Kabla ya hapo nyumba ibaki ilivyo. Alikuwa ameilinda dhidi ya ndugu yake wa damu. Hangeiachilia tu ikafanye jambo lile lile kwa mwanamke mwingine.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Parmuat alikuja taratibu, kikombe mkononi, akasimama mbele ya dada yake. Alianza kwa Kimaasai, maneno machache ambayo Muthoki hakuyaelewa, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili wageni wawe mashahidi.

“Soipan, nimekuja kukuuliza. Tuuze?”

Soipan aliangalia makreti yake kwa muda. Aliokota nyanya moja iliyobonyea, akaitupa kando.

“Mimi sikutaka pesa,” alisema. “Nilitaka kuulizwa.” Kisha akasema, “Uza.”

Parmuat aliketi kwenye kreti tupu kama mtu aliyeteremsha mzigo. Hapo hapo, mbele ya wageni ili asiweze kurudi nyuma, alisema kwamba sehemu ya dada yake katika bei italipwa moja kwa moja kutoka kwa wakili, isipitie mkononi mwake. Soipan hakusema asante. Alichukua kikombe chake akakijaza tena, na kwa jinsi alivyokijaza, hadi mdomoni, Muthoki alielewa kwamba yamekwisha.

Walirudi na gunia la vitunguu alivyowapa Soipan, ambavyo hawakuvilipia. Walipofika Emali, Musila alisimamisha gari ajaze mafuta. Akiwa amesimama kando ya dirisha la mkewe, alimwambia kwamba baba yake akisikia jina la mke limeandikwa kwenye hati, atauliza kama mwanawe amelogwa.

“Utamjibu nini?” Muthoki aliuliza.

“Nitamwambia ndiyo.” Alikuna kidevu. “Liandikwe lako kwanza.”

Muthoki alimwambia hajali ni lipi la kwanza, mradi yote mawili yawepo. Lakini njia iliyobaki hadi Kitengela aliimba, na wanaume wale wawili walimwacha aimbe.

Jumatatu Rahab aliuandika mkataba upya. Aliwauliza kama wanataka kila mmoja awe na fungu lake, au wamiliki pamoja. Tofauti, alieleza, ni kwamba wakimiliki pamoja, mmoja akitangulia mbele ya haki, nyumba inabaki kwa mwenzake bila kesi wala mashemeji. Musila ndiye aliyejibu, tena haraka. Pamoja. Walitia sahihi, wakalipa malipo ya kwanza, na wakaambiwa waende studio wapigwe picha za pasipoti. Muthoki alivaa blauzi aliyoivaa kwenye harusi ya mdogo wake. Mpiga picha alimwomba mara tatu asicheke, akashindwa, na hiyo ndiyo picha iliyokwenda Kajiado.

Kuanzia hapo mstari mzima wa mashine kiwandani ulifuata habari za ile nyumba jinsi watu wanavyofuata ligi ya mpira. Asubuhi wanawake walimuuliza, imefika wapi? Imefika baraza la wilaya, mzee amelipa deni lake lote na kupewa cheti. Wiki nyingine imefika Nairobi, kodi ya ardhi imelipwa. Kisha mthamini alikuja, kijana mwenye tai, akazunguka nyumba akigonga kuta kwa kalamu. Muthoki, ambaye aliomba ruhusa ya nusu siku ili awepo, alijikuta akimsifia kila kitu, hadi Rahab akamvuta kando kumkumbusha kwamba kadiri thamani inavyopanda ndivyo ushuru wa stempu unavyopanda. Akanyamaza. Ilimuuma kunyamaza.

Kibali ndicho kilichochelewa. Aprili ikaisha, Mei ikaanza, na hakuna barua. Katika kungoja huko, habari zikamfikia Musila kwenye kibanda cha chai kwamba kuna mfanyabiashara aliyekwenda kwa Parmuat na pesa taslimu kwenye mkoba, bei ya juu, asitake wakili wala stempu, mtu wa kukabidhiwa funguo tu. Musila alifika nyumbani uso umekauka. Alitaka waende kwa mzee usiku huo huo. Muthoki alimzuia, lakini hata yeye hakulala vizuri.

Asubuhi walimkuta Parmuat akipakia vitabu vyake kwenye katoni. Alikiri kwamba mtu huyo alikuja kweli, na kwamba mkoba ulikuwa mzuri. Alimpa chai, akamwambia nyumba ina wenyewe, na alipoendelea kusumbua akampa namba ya simu ya Soipan, azungumze naye. Mfanyabiashara alipiga. Parmuat hakusikia dada yake alisema nini, ila aliona mtu yule anaikata simu, anachukua mkoba na kuondoka bila kumaliza chai. Musila alicheka hadi akashika ukuta.

Kibali kilikuja wiki ya pili ya Mei. Ushuru wa stempu ukalipwa benki, na Muthoki akaomba aishike ile risiti yeye mwenyewe hadi ofisini, kwa miguu, mkoba ukiwa kifuani. Ilikuwa karatasi ya bei kubwa kuliko kitu chochote alichowahi kununua, na haikuwa hata nyumba.

Siku ya kwenda Kajiado walisafiri pamoja na Rahab. Soipan alikuwa amewatangulia, ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya ardhi, shuka jipya begani. Aliuomba mkataba. Hakuwa msomaji mwepesi, lakini alijua anatafuta nini, na kidole chake kilisimama penye Joyce Muthoki Ndolo, kisha penye Stephen Musila Muteti. Akamrudishia wakili, akaingia ndani, akatia sahihi ya kuondoa zuio. Parmuat alikuwa amesimama nyuma yake, na walipotoka alimshika dada yake mkono kushuka ngazi, ingawa ngazi zilikuwa mbili tu na Soipan hakuhitaji kushikwa.

Karani alipokea hati zote, akazipiga mihuri, akawaambia wangoje waitwe. Walingoja hadi Juni. Simu ya Rahab ilimkuta Muthoki kazini, katikati ya oda ya mashati. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaweka simu mfukoni, na wanawake wote wa mstari wakawa wameinua vichwa. Hakuhitaji kusema. Alipiga makofi mara moja, akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele katikati ya kiwanda, na meneja alipotokea mlangoni kuuliza kuna nini, mstari mzima ulikuwa umeinamia mashine ukishona kwa bidii ambayo hajawahi kuiona.

Jioni hiyo yeye na Musila walisimama mbele ya meza ya Rahab. Hati ilikuwa nyembamba kuliko walivyotazamia. Ilikuwa na muhuri, namba ya ploti, ukubwa wake, na miaka iliyobaki. Na pale penye wamiliki, majina mawili. Muthoki alisoma kwa sauti, lake kisha la mumewe, kisha akasoma tena. Musila aliichukua, akaipeleka dirishani penye mwanga, akakaa nayo huko akiwa amewapa mgongo, na walimwacha akae.

Rahab alimaliza hesabu zake na kumlipa kila muuzaji stahili yake siku moja, Parmuat yake na Soipan yake. Mwezi uliofuata mzee alikuwa Kimana. Alimpigia Musila kumwambia kwamba vitunguu vimeshika, na kwamba yeye na Soipan sasa wanagombana kila siku juu ya zamu za maji. Alisema hivyo kwa furaha.

Walihamia Jumamosi moja ya Agosti, kwa lori ambalo Musila aliruhusiwa kuliazima kazini, likiwa limefagiliwa saruji. Vitu vyao, vilivyokuwa vimejaza vyumba viwili hadi darini, vilipotea ndani ya nyumba ile. Sebule ilibaki na mkeka na redio. Ndanu, aliyekuwa amefunga shule, alichagua chumba chake, akabadilisha, akachagua kingine. Wanawake wa kiwandani walikuja na sufuria, watu wa kanisa wakaja na nyimbo, na kila mgeni aliyeingia Muthoki alimpeleka kwanza jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Musila naye alikuwa ubarazani, amezungukwa na wanaume, akiwafafanulia ardhi ya kukodi ni nini, kibali kinatoka wapi na kwa nini mtu asinunue bila kupekua rejista. Aliongea kama mtu aliyezaliwa ofisi ya ardhi.

Wageni walipoondoka waliketi watatu kwenye mkeka, migongo ukutani, wakala pilau baridi kutoka sufuria moja kwa sababu hakuna aliyekumbuka sahani ziko kwenye katoni gani.

Jumatatu Muthoki alichelewa kazini. Alikuwa amevaa na amefunga mkoba mapema kabisa, kisha akaingia chumba kimoja kuangalia kama dirisha limefungwa, akaingia kingine, akarudi cha kwanza, na alipotazama saa, muda ulikuwa umekwisha kupita. Alikimbia hadi barabarani huku akicheka peke yake. Meneja alimuuliza sababu ya kuchelewa, naye akamwambia ukweli, kwamba alikuwa anatembea ndani ya nyumba.